Uzito wa juu Uingereza unagomea wapi? Dalili moja moja mpaka kwenye chanzo

Wakuu, kila wakikaa mashabiki wa ngumi swali ni lile lile, hivi hawa Waingereza wana shida gani? Viwanja wanajaza, pesa ipo, mabondia wa miraba minne wanao kibao, alafu anatokea jamaa mmoja wa Ukraine anawapitia wote kama anakusanya madeni. Oleksandr Usyk kamchapa Derek Chisora 2020, Anthony Joshua 2021 na 2022, Daniel Dubois 2023, Tyson Fury mara mbili ndani ya 2024, kisha Dubois tena Julai 2025 pale pale Wembley. Ni mara 7 dhidi ya Waingereza wa uzito wa juu na hajapoteza hata moja, na hapo Tony Bellew aliyelazwa Manchester 2018 simhesabu maana lile lilikuwa pambano la uzito wa kruza, ule wa chini ya uzito wa juu.

Mi naupenda huu uzito toka enzi za bingwa wa zamani Muingereza Lennox Lewis na inaniuma kuona majibu ya haraka haraka, mara "hawana vipaji", mara "wana videvu vya kioo". Fundi gari hafanyi hivyo. Gari ikizimika hakimbilii kushusha injini, anauliza kwanza inazimika ukiwa wapi, kwenye mlima au kwenye foleni, ikiwa ya moto au ya baridi, ndo anafungua boneti. Basi twende hivyo.

Picha ninayoifanyia kazi ni ya mwisho wa 2025. Usyk ana mikanda mitatu kati ya minne mikubwa ya dunia, WBA, WBC na IBF, ule wa nne wa WBO kauachia Novemba na Fabio Wardley wa Ipswich akapandishwa kutoka bingwa wa muda kuwa bingwa kamili. Fury alitangaza kustaafu Januari. Joshua alirudi Desemba akamlaza Jake Paul raundi ya 6 kule Miami, siku chache baadae akapata ajali ya gari Nigeria na rafiki zake wawili wakafariki, na kwa hilo mambo ya mikanda yanakaa pembeni kwanza, tumuombee apone mwili na moyo.

Toa kwanza yasiyo tatizo

Mashabiki sio tatizo. Joshua na Wladimir Klitschko Aprili 2017 Wembley watu 90,000, Fury na Dillian Whyte Aprili 2022 watu 94,000, Joshua na Dubois Septemba 2024 watu 96,000. Hamna nchi nyingine duniani inaweza kujaza uwanja hivyo kwa ngumi mara tatu ndani ya miaka minane. Nguvu ya mkono nayo sio tatizo, hawa wote wanalaza watu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tatizo ni pesa au nguvu, mpe kiti akae asikilize.

Dalili ya 1: bondia anatisha akiwa anashinda, ila akishikwa kidogo au akiona mwenzake kayumba anapoteza ramani

Hapa ndo nataka tukae sana maana ndo kwenye mzizi.

Usiku ule wa Joshua na Dubois nilikuwa kibanda umiza, saa sita usiku inakaribia, feni moja inazunguka na watu tumebanana mpaka mlangoni. Joshua kashaenda chini toka raundi ya 1, anaangushwa anainuka, kibanda kimenyamaza. Raundi ya 5 akapiga ngumi ya kulia Dubois akayumba, aisee watu wakaruka juu ya mabenchi. Ukiangalia marudio taratibu utaona kitu kinauma: Joshua anaingia kummaliza, mguu wa mbele unatangulia, mkono wa kulia unashuka chini kujiandaa na konde la kutoka chini kwenda kidevuni, na pale kidevu chake kipo wazi juu hamna kitu kinakilinda. Dubois, huyo huyo aliyeyumba, akatuma kulia fupi ya ndani. Joshua akaanguka kifudifudi. Kibandani hakuna aliyesema neno, mzee mmoja pembeni yangu akavaa kofia akatoka.

Sasa rudi nyuma mpaka Juni 2019, Madison Square Garden, Joshua na Andy Ruiz. Raundi ya 3 Joshua anamuangusha Ruiz vizuri kabisa. Anaingia kummaliza. Anakutana na ngumi ya kushoto pembeni ya kichwa, miguu inakuwa ya mtu mwingine, anaangushwa mara mbili raundi ile ile na raundi ya 7 pambano linasimamishwa. Ona sasa, miaka mitano katikati, mpinzani tofauti, kosa ni lile lile: anamuona mtu kaumia anadhani kaisha.

Chanzo chake ni nini? Fungua rekodi. Joshua alichukua mkanda wa IBF Aprili 2016 kwa Charles Martin likiwa pambano lake la 16, na yote 15 ya kabla yake yaliisha kwa KO, refu kuliko yote likiwa la Whyte lililofika raundi ya 7. Mara ya kwanza kushinda kwa pointi ilikuwa Machi 2018 dhidi ya Joseph Parker kule Cardiff, pambano la 21, akiwa bingwa wa dunia tayari. Yani watu aliokuwa anawaumiza kwenye ukuaji wake walikuwa wanakaa chini kweli na hawainuki, hakuna aliyemfundisha kwamba mtu aliyeyumba bado ana mikono miwili. Somo ambalo bondia anatakiwa alipate kwenye ukumbi mdogo wa watu elfu moja, yeye alilipata mbele ya dunia nzima na kwa mikanda yake.

Linganisha na Fury. Huyu kabla ya kumvua Klitschko mikanda kule Düsseldorf Novemba 2015 alishapigana mara 24, akapita ubingwa wa England, akapita ubingwa wa Uingereza nzima kwa kumpiga Chisora raundi 12 Julai 2011. Ndo maana Mmarekani Deontay Wilder alipomlaza raundi ya 12 Desemba 2018 tukadhani kesho yake ni mazishi, jamaa akainuka na akamaliza raundi akiwa anashambulia. Sio miujiza ile, ni mtu aliyeshazoea kukaa ulingoni muda mrefu na kila aina ya shida.

Namna ya kukagua: usiangalie idadi ya KO, inadanganya. Ingia BoxRec, ile tovuti ya rekodi za mabondia, chukua jumla ya raundi alizopigana bondia gawa kwa idadi ya mapambano. Ikitoka 2 au 3 na promota anazungumzia ubingwa wa dunia, jua gari linapelekwa safari ndefu halijawahi kuvuka mtaa wa pili. Alafu tafuta pambano moja ambalo alikuwa anapoteza akaligeuza, au aliumizwa akatulia. Kama halipo bado hujui chochote kuhusu huyo mtu.

Na angalia aina ya wapinzani pia. Ngumi za Uingereza zinaagiza sana mabondia kutoka nje waje kupigwa, na sisi Watanzania tunalijua hilo vizuri. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo aliitwa Birmingham kwa taarifa ya muda mfupi, aende akawe ngazi ya Muingereza Sam Eggington, akammaliza raundi ya 2. Uzito tofauti najua, ila kinachoonekana pale ndo hichi ninachosema: mtu kazoea wapinzani wanaokuja kuchukua hela na kurudi, siku akitokea mwenye njaa hajajiandaa.

Tiba: mapambano ya ndani, Muingereza kwa Muingereza, mapema, raundi 10 na 12, wakiwa bado wanakua na hawana mkanda wa dunia wa kupoteza. Ubingwa wa Uingereza na ule mkanda wake wa Lonsdale sio pambo.

Ushahidi ni Wardley. Huyu hakupita ngumi za ridhaa kabisa, alianzia kwenye zile ngumi za wafanyakazi wa ofisini ambapo watu wanafanya mazoezi baada ya kazi kisha wanapanda ulingoni, akapigana nne tu za hivyo akaingia ngumi za kulipwa 2017. Kwa makaratasi alitakiwa awe wa kwanza kupotea. Ila akachukua ubingwa wa England 2020, ubingwa wa Uingereza Novemba 2022 kwa Nathan Gorman, alafu Machi 2024 akaingia raundi 12 na Frazer Clarke pale O2, damu imetapakaa, sare. Ile sare ndo ilikuwa chuo chake. Marudiano Oktoba alimlaza Clarke raundi ya 1. Juni 2025 uwanja wa Portman Road kwao Ipswich, Justis Huni anampiga kwa pointi raundi baada ya raundi, Wardley hana haraka na hana hofu, raundi ya 10 kulia moja biashara imeisha. Oktoba akamsimamisha Parker raundi ya 11. Ufundi wake una mashimo na mi nayaona, ila anajua kukaa kwenye shida, na hicho hakinunuliwi.

Dalili ya 2: pambano kubwa linatangazwa, linazungumzwa, alafu linayeyuka

Mfano mmoja unatosha, Fury na Joshua. Mei 2021 Fury akatoa video anasema tarehe 14 Agosti Saudi Arabia, mikanda yote. Haikupita muda msuluhishi wa Marekani akaamua Wilder ana haki ya pambano la tatu kwa mkataba, likafa. 2022 wakarudi mezani, likafa tena, Fury akaishia kumpiga Chisora kwa mara ya tatu Desemba 3 uwanja wa Tottenham kwenye baridi ambalo hata kwenye tivi unaliona, watu wanahema moshi, na ilhali Chisora alishapigwa naye 2011 na 2014. Mi usiku ule nilizima kabla halijaisha, kwa huzuni kabisa, maana nilikuwa naona miaka ya hawa wawili inapita.

Chanzo cha haraka utaambiwa ni promota wawili, Frank Warren na Eddie Hearn, kila mmoja na tivi yake miaka hiyo, hakuna anayetaka kumpa mwenzake nyota wake. Ni kweli. Ila chini yake kuna kingine: mfumo unaona pambano kama shamba la kusubiri livune bei, kumbe bondia anazeeka kila siku. Na usiniambie haiwezekani, Oktoba 1993 Lewis na Frank Bruno walizichapa Cardiff, Waingereza wawili kwa mkanda wa WBC, Lewis akamsimamisha raundi ya 7. Bruno hakufa na hilo, Septemba 1995 akachukua mkanda huo huo wa WBC pale Wembley kwa Oliver McCall. Kupigwa na mwenzako wa nyumbani sio mwisho.

Tiba ilikuja kutoka Riyadh. Hela ya Turki Alalshikh, kigogo wa burudani wa Saudi Arabia, ikavunja ukuta, Juni 2024 kambi ya Warren na ya Hearn zikapigana watano kwa watano (ya Warren ikashinda zote 5), na bila ile hela lile la Joshua na Dubois lisingetokea. Nashukuru kwa hilo. Ila hii dawa ina madhara yake, mapambano ambayo yalikuwa ya kujenga mashabiki nyumbani yanahamia jangwani: marudiano ya Wardley na Clarke yalipigwa Riyadh, la Whyte na kijana Moses Itauma Agosti 2025 Riyadh pia. Kijana wa Burton kwao Clarke au wa Chatham kwao Itauma anayetaka kumuona bondia wa mtaani kwao inabidi awashe simu. Na dawa inayotoka kwenye mkono wa mtu mmoja, akiamua kufunga mkono umerudi ulipokuwa. Kipimo changu ni hichi tu, je Warren na Hearn wanaweza kukubaliana pambano la Manchester au London bila mtu wa tatu kuwalipa? Mpaka siku jibu litakapokuwa ndio, tatizo limetulizwa tu, halijapona.

Dalili ya 3: akipigwa, anabadilisha kocha

Joshua kati ya Septemba 2021 na Desemba 2023 alipita kwa Rob McCracken, Robert Garcia, Derrick James na Ben Davison. Wanne kwa miaka miwili na kidogo, kila mmoja na lugha yake. Mmoja anataka jamaa ashambulie, mwingine anataka atulie nyuma ya mkono wa mbele, na wewe ukiwa ulingoni raundi ya 8 umechoka unasikiliza sauti ya nani kichwani?

Kubadilisha kocha sio kosa lenyewe, na hapa watu wanachanganya. Lewis alilazwa na McCall raundi ya 2 Septemba 1994 Wembley. Alichofanya ni kumchukua Emanuel Steward, yule yule aliyekuwa kwenye kona ya McCall usiku ule, mtu aliyeona shimo lake kwa macho yake. Akakaa naye mpaka pambano la mwisho 2003. Alimrudishia McCall 1997, akawa bingwa asiyepingika Novemba 1999 kwa Evander Holyfield, akalazwa na Hasim Rahman Aprili 2001 na Novemba hiyo hiyo akamlaza raundi ya 4, na kocha hakumbadilisha. Kwa hiyo ukiona bondia kahamia kambi mpya uliza swali moja, huyu kocha mpya kachaguliwa kwa sababu anajua shimo lipo wapi, au kwa sababu jina lake limetoka kushinda wiki iliyopita?

Dalili ya 4: medali zinashuka ngazi

Hii wengi hawaioni. Angalia uzito wa juu kabisa kwenye Olimpiki: London 2012 Joshua dhahabu, Rio 2016 Joe Joyce fedha, Tokyo Frazer Clarke shaba, Paris 2024 Delicious Orie katolewa pambano lake la kwanza. Dhahabu, fedha, shaba, hamna. Na timu nzima ya Uingereza Paris ilirudi na shaba moja tu ya Lewis Richardson wakati Tokyo walibeba medali 6.

Chanzo kimoja ni foleni. Kwenye timu ya taifa kule Sheffield nafasi ni moja kwa kila uzito, Clarke alikaa nyuma ya Joshua, akakaa nyuma ya Joyce, zamu yake inafika ameshakuwa mtu mzima na anaingia ngumi za kulipwa 2022 ana miaka 30. Joyce aliingia ana 32. Ukianza umri huo promota hana muda wa kukupa raundi za kukua, anakukimbiza, na tumerudi kwenye dalili ya 1. Orie, bingwa wa Jumuiya ya Madola 2022, alipigana pambano moja la kulipwa Aprili 2025 kisha akatangaza anaacha. Ana digrii yake ya uchumi, namtakia heri, ila mfumo uliomlea miaka yote ile hauwezi kusema ni bahati mbaya tu.

Itauma aliiona hiyo foleni akaikwepa, dhahabu ya dunia ya vijana 2022 kisha Januari 2023 akaingia kulipwa ana miaka 18, Paris hakuisubiri.

Dalili ya 5: mizani

Hii napita haraka. Fury Desemba 2024 alipima kama kilo 127 na Usyk kama 102, akapoteza 116-112 kwa majaji wote watatu, watu wakasema unene. Lakini Februari 2020 alikuwa na kilo kama 124 akamvunja Wilder raundi 7. Kilo sio chanzo. Usyk alimshinda kwa miguu na kwa raundi za mwisho, full stop.

Sasa ukishagusa hapo, utegemee nini?

Dubois mwisho wa 2025 alikuwa na miaka 28, kapigwa na Joyce, kapigwa na Usyk mara mbili, mara zote hizo kwa kumalizwa, na katikati akamsimamisha Filip Hrgović na kumlaza Joshua. Mi simzikii huyu. Anahitaji mapambano mawili matatu ya raundi ndefu bila kelele za mkanda. Chini yake ubingwa wa Uingereza una uhai, Jeamie Tshikeva kampiga Clarke Derby Novemba 2025, na hata lile la Dave Allen kumlaza Johnny Fisher Mei 2025 mi nilifurahi nalo, sio kwamba mmoja wao atakuwa bingwa wa dunia, ila ni vijana wawili wa nyumbani, mbele ya watu wao, mmoja alikuwa anapandishwa na mwenzake akamkagua. Ndo kazi ya ngazi ya chini hiyo.

Na Itauma. Alizaliwa Slovakia, baba Mnigeria, akakulia Chatham, mkono wa kushoto, ana kasi ambayo uzito huu hauna. Mpaka mwisho wa 2025 mapambano 13, KO 11, Whyte alimmaliza raundi ya 1. Moyo unanienda mbio nikimuangalia. Alafu naingia kwenye rekodi nafanya ile hesabu yangu ya raundi, na kwenye hayo 13 hakuwahi kuvuka raundi ya 6. Ni Joshua wa 2015 kwenye karatasi, tofauti ni kwamba huyu mwisho wa 2025 alikuwa na miaka 21 tu na muda upo, kama hawatamkimbiza. Wampe mtu mgumu asiyelala, wampe raundi 10 ngumu, wampe usiku mbaya mmoja kwenye ukumbi wa kawaida.

Siku hiyo ikifika mi sitaangalia makonde. Nitamuangalia kengele ya raundi ya 8 ikilia, anarudi kwenye kistuli anahema, jicho limevimba kidogo, kocha anaongea mbele yake, na nitaangalia kama macho yake yapo kwa kocha au yapo kona ya pili.